Pensheni ya sisi tusio na peislipu: nyota tatu na nusu

Kabla sijaanza, mimi si mtu wa benki. Ni fundi wa nguo, nashona sare za shule Kawangware, Nairobi, karibu na steji ya matatu za 46, cherehani tatu, wasichana wawili wa kunisaidia, na msimu ukichacha tunaongeza mmoja. Kwa hivyo mkiona hesabu zangu ni za kalkuleta ya simu, ni kweli ni za kalkuleta ya simu. Lakini hii pensheni ya mtu binafsi nimeilipia tangu Januari 2021, pesa yangu mwenyewe, hakuna mtu amenipa hata chai niisifu. Jina la kampuni siliweki kwa sababu kuna mahali nitaisema vibaya na sina nguvu za kupigiwa simu na mawakili.

Venye nilifika huko ni hivi. Kibanda cha pili kutoka kwangu kuna mzee anashona suruali, amepita 70. Macho yamechoka. Kila asubuhi anakuja na sindano na uzi, "mama, nitungie," natunga, anaenda zake. 2020 shule zikafungwa na korona, hakuna kazi hata ya kubadilisha zipu, siku moja akaja na sindano tatu nimtungie zote kwa mpigo ndio asinisumbue tena kutwa. Nikamuuliza mzee kwani watoto hawakutumii kitu, akacheka tu. Hiyo siku sikulala vizuri, wacha niseme hivo.

Sasa Januari 2021 shule zikafunguliwa. Wale watoto walikuwa nyumbani miezi tisa, wamerefuka, hakuna sketi inafika goti, hakuna sweta inafunika mkanda, wazazi wamejaa kibandani mpaka saa tatu usiku. Sijawahi ona msimu kama ule na sidhani nitauona tena. Katikati ya huo msongamano ndio kijana mmoja wa tai akaingia na karatasi zake akaanza, "mamaa, umefikiria maisha ya uzee?" Kijana wangu, umekuja siku yenye nimeshika pesa na namfikiria mzee wa sindano, ungeniuzia hata jeneza ningelipia.

Nikaweka 60,000 mara moja.

Kitu cha kwanza cha kulalamikia ni hicho alichoniuzia. Sifa kubwa aliyokuwa anarudia ni ushuru, ati ukiweka kwa pensheni unakatwa ushuru kidogo, wakati huo kiwango kilikuwa mpaka 20,000 kwa mwezi (tangu mwisho wa Desemba 2024 kimepanda kikawa 30,000). Ni kweli kabisa. Ni kweli kwa mtu ameajiriwa anakatwa PAYE, ule ushuru wa mshahara. Mimi nalipa ile ya mauzo, TOT, ambayo ilikuwa asilimia 1 na tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na hiyo inakatwa kwa mauzo yote bila kuuliza kitambaa ulinunua pesa ngapi, seuze pensheni. Kwa hivyo hiyo faida yake kubwa haikunigusa hata senti na nilikuja kujua baada ya mwaka mzima, tena kwa mama mmoja wa chama chetu cha kuchangiana ambaye mtoto wake anasomea uhasibu. Kama uko biashara ndogo kama mimi, mtu akikuambia habari ya kuokoa ushuru, muulize ushuru upi.

Lakini kuna upande ambao hata huyo kijana hakuujua, ama aliujua akaona ni mrefu kuelezea. Ukiweka pesa kwa mifuko ya soko la fedha, zile MMF, riba yako inakatwa ushuru wa asilimia 15 kabla ikufikie. Wakisema 10 we unakula 8 na nusu. Mfuko wa pensheni uliosajiliwa haukatwi hiyo kwa mapato yake ya ndani, pesa inazaa nzima nzima. Na sheria iliyobadilishwa hiyo Desemba 2024 inasema ukifika umri wa kustaafu unachukua pensheni yako bila ushuru. Hiyo sasa ndiyo ya mtu kama mimi. Ajabu ni kwamba haikuwa kwa karatasi yoyote aliyonipa.

Malipo ya kila mwezi ndio yalinitoa jasho. Mwanzo wa 2022 yule kijana wa tai akanishawishi niweke standingi oda, benki ikate yenyewe 5,000 kila mwezi, "ndio usisahau." Fundi wa sare hana mwezi, ana misimu! Na ule mwaka kalenda ya shule ilikuwa imevurugika, mwaka mpya wa shule haukuanza Januari, ulianza mwisho wa Aprili. Januari ikapita vizuri, Februari hakuna kitu kwa akaunti, ikagonga mwamba, benki ikanitoza faini, Machi tena hivo hivo, faini tena. Nimelipa faini mbili kwa sababu ya kutaka kuweka akiba, fikirieni. Aprili na Mei zikapita, halafu nikaifuta. Nikampigia yule kijana nikiwa nimekasirika, akaniambia hata yeye hakujua shule zimebadilisha tarehe. Hana watoto, hiyo ninamsamehe.

Tangu hapo natumia M-Pesa, paybill na namba ya uanachama. Hii sehemu naipa alama nzuri, unaweza tuma elfu moja, unaweza tuma elfu ishirini, unaweza kaa miezi mitatu bila kutuma na hakuna mtu anakufukuza. Shida ni ukikosea tarakimu moja ya namba ya uanachama. Mimi nilikosea, 10,000, na ilichukua wiki sita kuionekanisha kwa akaunti yangu. Wiki sita! Kila nikipiga naambiwa "tunafuatilia madam," mpaka nikapanda 46 nikaenda kushuka mjini nikatembea mpaka ofisini kwao Upper Hill na ujumbe wa M-Pesa nimeuandika kwa karatasi kama ushahidi wa korti. Ikapatikana siku hiyo hiyo. Yaani ilikuwa inangoja tu mtu afike na viatu vya vumbi.

Haya, kwa pesa yenyewe sasa, maana hiyo ndiyo mnataka kujua.

Mpaka mwisho wa 2024 nilikuwa nimeweka jumla ya 215,000. Ni 60,000 ya mwanzo, 38,000 kwa 2022, 45,000 kwa 2023 na 72,000 kwa 2024. Stetimenti inasema salio ni 260,000 na ushee. Riba waliyotangaza kila mwaka ilikuwa 8, kisha 7, kisha 8 na nusu, kisha 12. Ukiangalia haraka unasema wueh, 45,000 ya bure, tena mimi nimelala.

Ngojeni kidogo. Ile 2022 waliponipa asilimia 7, mfumuko wa bei ulifika 9.6 mwezi wa Oktoba, na wastani wa mwaka mzima ulikuwa karibu 7.7. Mnakumbuka ule mwaka, unga wa kilo mbili ulipita 200, serikali ikashusha mpaka 100 kwa wiki chache kabla ya kura ya Agosti halafu ukarudi juu kama hakuna kitu kilitokea. Kwa hivyo mwaka ule pesa yangu iliongezeka kwa karatasi na ikapungua kwa duka. Na 2023 haikuwa nafuu sana, hiyo Oktoba petroli Nairobi ilikuwa 217.36 lita na makanga wakawa wanapandisha nauli mvua ikitishia tu, hata kabla inyeshe.

Mimi nikaamua kupima kwa kitu ninachokijua. Mita ya kitambaa cha sketi, ile ya buluu nzito, Eastleigh, mwanzo wa 2021 nilikuwa nainunua 250. Mwisho wa 2024 ilikuwa 340, na ni kwa yule yule muuzaji, tena ananipunguzia. Sasa chukua ile 60,000 ya kwanza. Siku naiweka ingeninunulia mita 240. Na riba zote za miaka minne imefika kama 84,000. Gawanya kwa 340. Mita 247.

Miaka minne, mita saba. Sketi za watoto watano hivi, kama ni za darasa la chini.

Nilikaa na hiyo hesabu kwa meza nikairudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya. Msichana wangu mmoja akaniuliza madam kuna nini, nikamwambia hakuna, nimezeeka mita saba. Halafu nikafanya ile nyingine, kama ningeiweka chini ya godoro. 60,000 kwa 340 ni mita 176. Hapo ndio hasira iliniisha. Pensheni haijanitajirisha, lakini mita 64 zingeliwa na panya wa bei bila hata kuacha mavi.

Na kuna kitu watu wengi wanakosea, hata kwa chama tulibishana. Oktoba 2024 mfumuko ulishuka mpaka 2.7, watu wakasema ati sasa bei zimeshuka, wapi! Ni kama cherehani ya miguu, ukipunguza kukanyaga kitambaa kinaenda polepole lakini bado kinaenda mbele, hakirudi nyuma kutoa mishono. Hiyo 340 haikurudi 250. Ila kwa pensheni huo ndio ulikuwa mwaka mtamu, wamenipa 12 na bei zinatambaa. Ni huo mwaka mmoja uliokomboa mingine yote. Bila huo hata zile mita saba zisingekuwa.

Swali likanibaki moja. Mwisho wa 2023 hati za serikali za siku 91, zile unakopesha serikali miezi mitatu, zilikuwa zinakaribia asilimia 16, na Februari 2024 Benki Kuu ikatoa ile bondi ya miundombinu ya asilimia 18.46 isiyo na ushuru, kila mtu mjini akawa mtaalamu wa bondi hadi kinyozi. Kwa nini mimi 2023 nilipewa 8 na nusu? Nikaenda tena Upper Hill. Safari hii nikapata dada mmoja mpole, akanikalisha, akachora kwa karatasi. Kumbe mfuko wangu ni ule wa dhamana, yaani kampuni inaahidi riba haitashuka chini ya kiwango fulani na pesa yako ya mwanzo haipotei, na kwa sababu ya hiyo ahadi mwaka mzuri hawakupi yote, wanaweka kando ya kuziba mwaka mbaya. Kuna ule mwingine usio na dhamana, unapanda na kushuka na soko, mwaka mzuri unapata zaidi na mwaka mbaya unaweza pata hasara. Nikamuuliza dadangu, mbona hakuna mtu aliniuliza nataka upi? Akaangalia fomu yangu ya 2021. Kuna kisanduku kimewekwa alama. Alama si yangu, mimi naweka alama ya mkasi.

Na gharama. Kijana alisema hakuna makato. Yapo, ila hukatwa kabla riba itangazwe kwa hivyo huyaoni, kuna anayesimamia uwekezaji, kuna anayetunza mali, kuna anayeandika vitabu, wote wanakula. Sisemi wasile, hata mimi nalipisha vifungo. Sema tu, nijue.

Sasa mbona bado naipa nyota tatu na nusu baada ya kelele zote hizi?

Kwa sababu ya 2023, mwezi wa pili. Mwanangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, orodha ya vitu ndefu kama bomba, na mimi nikaenda kuuliza kama naweza toa ile pesa. Nikaambiwa siwezi kutoa yote, na kile kipande kinachoweza kutolewa kina fomu na kusubiri. Nilitoka hapo nimenuna kweli kweli. Nikakopa kwa chama, nikalipa mpaka Agosti, mtoto akasoma. Na ile pesa ikabaki. Mnaona MMF yangu? Niko nayo pia, naipenda, pesa inafika kwa simu siku moja mbili, na hiyo ndiyo shida yake, imelipa mabati ya mama nyumbani, imelipa hospitali, imelipa cherehani ya tatu, imelipa hata matanga mawili. Saa hii iko na elfu kumi na nne. Ya pensheni iko na 260,000, na ni mtu yule yule anaweka, mkono ule ule. Tofauti ni kufuli. Riba ningepata kwingine. Kufuli ningepata wapi, mimi na huu moyo wangu wa kusema ndio kwa kila mtu?

Zile hati za serikali nimezifikiria, tangu DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hizo hati, uje 2023 mtu anafanya kwa simu, na kiwango cha chini ni 50,000. Kwa mtu wa misimu si mbaya, unaweka Januari inaiva Aprili. Ila ikiiva inarudi kwa akaunti na tumerudi kwa habari ya mabati.

Kwa wale wa kipato kidogo zaidi, isikuwe mnadhani pensheni ni ya watu wa tai. 2011 ilianzishwa Mbao kwa ajili ya watu wa jua kali, jina lenyewe ni ile shilingi ishirini ya kila siku. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa serikali, nao wana Haba Haba ya shilingi 25 kwa siku. Wasichana wangu nimewaandikisha NSSF ya kawaida kwa sababu ni sheria, na tangu sheria mpya ianze kufanya kazi Februari 2023 si ile mia mbili ya zamani tena, mmoja ninamlipa 16,000, anakatwa asilimia 6 ambayo ni 960 na mimi naongeza 960, jumla 1,920 kila mwezi, msimu uwe ama usiwe. Yaani kuna miezi mfanyakazi wangu anaweka akiba ya uzee kunishinda mimi mwenye kibanda. Nimemwambia, akacheka mpaka akakosea mshono.

Ukienda kununua, uliza kama ni pensheni ama ni provident (ile ya kuchukua zote mara moja), kwa sababu ya pensheni ukistaafu unapewa theluthi moja mkononi na iliyobaki inakulipa kidogo kidogo. Na hayo malipo ya kidogo kidogo uliza kama yataongezeka kila mwaka ama yatakaa pale pale mpaka ufe. Hili dada wa Upper Hill alinieleza na lilinitisha kuliko yote. Kodi yangu ni 12,000. Bei zikipanda asilimia 5 tu kila mwaka, ambayo ndiyo shabaha ya Benki Kuu yenyewe, miaka 14 ijayo hiyo nyumba ni karibu 24,000. Nyumba hiyo hiyo, choo hicho hicho cha kubisha. Ukipewa malipo yasiyosonga siku ya kwanza utajiona tajiri, mwaka wa kumi unarudi kwa cherehani na sindano haioni uzi.

Kwa hivyo nimefanya nini. Nimeandika barua ya kuhamisha pesa mpya ziende kwa ule mfuko usio na dhamana, zile za zamani zikae zilipo, nusu kwa nusu hivi mpaka nione. Nimejaza kisanduku mimi mwenyewe. Barua wamepokea, wamegonga muhuri, jibu bado, huu ni wiki ya tatu. Wakipita wiki sita nitapunguza hiyo nusu nyota.

Yule kijana wa tai alinipigia juzi, siku hizi anauza bima ya masomo, ati "mamaa, umefikiria chuo kikuu?" Nimemwambia anipigie tarehe 20 Januari nikimaliza sweta, na aje na fomu haijawekwa alama popote.